Tela la Shaba

ALHAMISI, SAA 2:15 ASUBUHI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza moja, matairi yaliyokwisha kazi, na watu watatu ambao kila mmoja alikuwa amewahi kula mshahara wa Kampuni ile ile ya malori.

Mahona alichora kwa chaki juu ya meza. Kwa miaka tisa alikuwa msimamizi wa magari wa Kampuni, mpaka alipofukuzwa kwa kuuza vipuri, na hata leo alizungumza kama mtu anayesoma ratiba iliyobandikwa ukutani. Holo, fundi, kijana mwenye mikono mizito, aliegemea mlango akitafuna karanga. Hemedi alikaa juu ya tairi. Alikuwa na miaka hamsini, na ishirini na mbili kati ya hiyo aliitumia nyuma ya usukani.

Mpango ulikuwa mfupi. Gari la Kampuni lingetoka mizani saa tano na nusu likiwa na tani thelathini za shaba kutoka Zambia, safari ya bandarini. Dereva, Shija, alikuwa mwenzao. Kabla ya kufika Mlandizi angeiacha lami na kuingia njia ya vumbi ya Gwata mpaka kwenye mikorosho. Hapo angekuta kichwa kingine cha gari chenye namba za bandia. Holo angelifungua tela kwenye kichwa cha Kampuni na kuliunga kwenye kichwa hicho. Hemedi angeliendesha kwa njia za ndani, kupitia Mzenga, hadi yadi ya mnunuzi nje kidogo ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Mahona angewasubiri huko.

Kifaa cha kufuatilia gari kilikuwa kwenye kichwa tu, na kichwa kingebaki Gwata. Ofisini wangeona gari limesimama, basi. Elinipa, naye mwenzao, ambaye angekuwa zamu katika chumba cha ufuatiliaji, angeandika kwamba tairi limepasuka na fundi yuko njiani.

"Na Shija?" Hemedi aliuliza. Jibu alilijua. Alitaka lisemwe mbele ya shahidi.

Mahona aliweka chaki chini. Shija angefungwa kamba, kwa kulegezwa. Simu yake ingechukuliwa, kwa kuwa majambazi huchukua simu. Saa tisa kamili, tela likiwa limeshafika, angejifungua, akimbilie barabarani na kupiga yowe.

"Akipiga yowe saa tisa, ni dereva aliyeporwa," Mahona alisema. "Asipopiga, ni mwenzetu. Polisi yeyote ataliona hilo bila kuvaa miwani."

Hemedi aliitikia kwa kichwa. Yeye ndiye aliyemfundisha Shija gari kubwa, na yeye ndiye aliyemleta kwenye mpango huu. Hakuhitaji kumshawishi sana. Mwaka uliopita baba yake Shija alifariki Kahama, naye Shija yuko Ndola akisubiri mzigo. Aliomba ruhusa ya siku mbili. Ofisi ilimjibu kwamba mteja hasubiri. Alimzika baba yake kwa simu, akiwa amesimama kando ya barabara huko Mbeya, akisikiliza udongo ukidondoka, na kwa kusimama huko dakika thelathini aliandikiwa barua ya onyo. Alipotaka kuacha kazi aliambiwa kwamba vyeti vyake halisi vimo kabatini, na mwenye ufunguo yuko safarini. Mwenye ufunguo alikuwa safarini kwa miezi minne.

Wizi ni wizi. Hemedi alilelewa na baba aliyemkataza kuokota hata korosho chini ya mti wa jirani, na asubuhi ile hakujidanganya kwamba anachokwenda kufanya kina jina jingine. Alijiambia tu kwamba yuko tayari kulipa. Shija asilipe chochote.

SAA 6:40 MCHANA

Gari liliingia mikoroshoni polepole, likivuta vumbi jekundu nyuma yake. Shija alishuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili, kama mgonjwa anayeshuka kitandani. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ndala zilikuwa zikimbana. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umelala lini?"

Shija alifikiri. Ilimchukua muda. "Juzi, Tunduma. Masaa mawili. Walinipigia wakasema meli inaondoka."

Kisha akacheka, akaonyesha kabini. Juu ya kioo kulikuwa na kamera ndogo inayomtazama dereva usoni. Akifumba macho kwa sekunde mbili inalia, na ofisini jina lake linawaka rangi nyekundu. Shija alikuwa ameibandika bigijii aliyokwisha kuitafuna.

"Safari nzima inanichunga nisifumbe macho," alisema. "Leo nimeifumba yenyewe."

Holo hakucheka. Alishusha miguu ya tela, akachomoa mipira ya upepo wa breki, akavuta pini. Chuma kiligonga chuma. Kwa dakika ishirini na tano hakuna aliyesema neno lisilohusu kazi. Kamera ile, Hemedi aliwaza, ingeweza kuhesabu kila kope iliyoshuka. Saa za usukani hazikuwa na kengele. Mtu angeweza kuendesha siku mbili mfululizo na chumba kizima cha ufuatiliaji kikabaki kimya, kijani kitupu.

SAA 7:12

Holo alimzaba Shija kofi moja la shavuni, ili liache alama. Shija alishukuru. Wakamketisha chini ya mkorosho wenye kivuli, hatua chache kutoka kwenye kichwa cha Kampuni, na Hemedi akapiga magoti kumfunga. Alipiga fundo la kwanza, legelege. Alipofika la pili, kichwa cha Shija kilikuwa kimeinama.

"Shija."

"Niko macho, kaka."

"Saa tisa."

"Saa tisa kamili," Shija alisema, na maneno yalimtoka taratibu, yakivutana.

Holo alikuwa ameshawasha pikipiki, ambayo angetangulia nayo kupeleleza njia. Alipiga honi mara mbili. Hemedi alisimama. Simu ya Shija ilikuwa mfukoni mwake, na pamoja na simu hiyo alikuwa amechukua kila kitu kinachoweza kumwamsha mtu. Jambo hilo alilijua. Alilijua kwa mwili, kama ajuavyo uzito wa breki, maana naye aliwahi kulala hivyo, kwa kudondoka, injini ikinguruma na watu wakigonga mlango kwa mawe. Honi ililia mara ya tatu. Akapanda gari, akaondoka.

SAA 9:00 ALASIRI

Yadi ya mnunuzi ilikuwa na ukuta mrefu na lango la bati. Tela lilikuwa ndani. Vijana wa mnunuzi walikuwa wamekwisha kuvua turubai, na mabamba ya shaba yalimeta juani, mekundu na mazuri, yakiwa yamefungwa mafungu mafungu.

Mahona alikaa juu ya dumu la mafuta, simu mkononi. Shija akishapiga yowe, taarifa ingefika chumba cha ufuatiliaji, na Elinipa angetuma neno moja: wageni.

Saa tisa na dakika tano, kimya. Saa tisa na kumi, kimya.

"Kijana anatuongezea muda," Mahona alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Holo naye akatabasamu. Kila dakika ambayo Shija hakupiga yowe ilikuwa dakika ambayo hakuna polisi aliyelitafuta tela. Hemedi peke yake alihesabu kwa upande wa pili. Kila dakika ilikuwa ikimhamisha Shija kutoka kwenye walioporwa na kumweka kwenye waporaji.

"Hajatuongezea chochote," alisema. "Amelala."

Mahona alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. Nani hulala akiwa amefungwa kamba? Hemedi alimweleza. Masaa mawili tangu juzi. Mtu wa hali ile, ukimketisha kivulini, hata nyumba ikiungua haamki. Aliomba pikipiki. Angekwenda kumwamsha na kumsukuma barabarani, na kufikia saa kumi na nusu mambo yangekuwa yamekaa sawa.

Mahona aliinuka. Alibonyeza simu, akasogea hatua tatu, na hakushusha sauti, kwa kuwa hakuona sababu ya kushusha.

"Dada Elinipa. Andika hivi: dereva ameacha njia kwa hiari yake, amefunika kamera, hapokei simu. Wapeleke ulinzi na polisi hapo kichwa kilipo. Ndiyo. Sasa hivi."

SAA 9:21

"Tulikubaliana," Hemedi alisema.

"Tulikubaliana juu ya mzigo." Mahona aliitia simu mfukoni. "Wakipata mtu, wanaacha kutafuta mali kwa siku mbili tatu. Watamhoji. Atataja jina. Mimi hajui kama nimo. Holo amemwona leo tu, jina lake halijui. Jina analolijua ni moja. Kwa hiyo, mzee wangu, mnunuzi ana gari linakwenda Lindi jioni hii. Panda, ukapumzike huko."

"Na yeye?"

"Dereva ndiye anayebebeshwa. Ndivyo ilivyo siku zote, wala sikuanza mimi."

Ilikuwa kweli kwamba hakuanza yeye. Lakini aliwahi kuiendeleza desturi hiyo kwa kalamu yake. Miaka minne iliyopita Hemedi alikataa kulitoa yadini gari lenye breki mbovu, akaandikiwa utoro na kufukuzwa. Gari lile alipewa Abednego, mtu mpole aliyependa kwaya, naye hakuumaliza mteremko wa Kitonga. Ripoti ya Kampuni ilisema dereva alisinzia. Sahihi ya chini ilikuwa ya Mahona. Hemedi aliiona karatasi ile kwa macho yake, na bado asubuhi hii alikaa naye meza moja akasikiliza chaki ikikwaruza. Aliona aibu iliyochelewa sana.

Alikwenda kwenye pikipiki, akaisukuma kuelekea langoni.

"Holo," Mahona alisema.

Holo alisimama langoni na spana ya magurudumu. Hakuonekana kufurahi. Hemedi alimsogelea bila kukimbia, akamwambia apishe. Spana ilishuka. Ilimpata juu ya sikio, kwa upande, si kwa nguvu yote. Damu ilimiminika shingoni. Alipiga goti moja, akainuka, akashika usukani wa pikipiki.

Bastola ilikuwa imetoka kiunoni mwa Mahona. Hemedi aliitazama. Ilikuwa mchana kweupe. Ng'ambo ya ukuta wanawake walikuwa wakibishana bei ya mihogo. Risasi moja ingeijaza yadi watu. Mahona naye alilijua hilo, na mkono wake ukashuka.

"Mwache," alimwambia Holo. "Madereva wapo tele."

Holo alilifungua lango. Hemedi alipopita karibu naye, kijana yule alikuwa akitazama chini, spana ikining'inia kama kitu cha mtu mwingine.

SAA 10:44 JIONI

Aliendesha kilomita sitini na kitu za vumbi bila kusimama. Damu iligandia kwenye kola. Akavuta kofia ikafunika sikio. Njia nzima alijaribu kuhesabu: kutoka Kibaha mjini mpaka Gwata, gari dogo, watu wenye haraka. Kila hesabu ilimpa jibu lile lile, naye akaendelea kuvuta mafuta.

Walikuwa wameshafika. Magari mawili meupe yalisimama kando ya kichwa cha Kampuni. Kulikuwa na askari wawili, wachungaji wanne na fimbo zao, na mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Huyo alikuwa Brighton, mkuu wa ulinzi wa Kampuni. Alikuwa ameajiriwa baada ya Hemedi kufukuzwa, na hawakujuana. Alikuwa akipiga video kwa simu.

Chini ya mkorosho Shija alikuwa amelala chali. Kamba ilikuwa imemtoka mkono mmoja yenyewe. Alikuwa akikoroma.

Hemedi alisimamisha pikipiki hatua ishirini hivi, injini ikiwaka, kama mpita njia yeyote. Askari mmoja alimuuliza kama ameona tela njiani. Alisema hakuona. Askari akageuka. Njia ya kwenda Mlandizi ilikuwa wazi mbele yake.

"Muoneni," Brighton alikuwa akisema, kwa ajili ya simu yake kuliko kwa ajili ya watu. "Mtu aliyeporwa halali. Kamba yenyewe hii hapa, hata mtoto angejifungua. Huyu ametulia kama yuko kwao."

Wachungaji walikubali. Lilikuwa jambo la wazi. Hemedi alitafuta angeanza kulieleza vipi, na angemweleza nani. Saa zote za Shija zilikuwa zimeandikwa kwenye mashine ya Kampuni, tangu Ndola, dakika kwa dakika. Zilikuwa huko kwa yeyote ambaye angependa kuzisoma. Ushahidi uliotakiwa kumwokoa ulikuwa mikononi mwa aliyekuwa akimrekodi, na mtu yule hakujua hata kama upo.

Askari wa pili aligusa unyayo wa Shija kwa rungu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili Shija alivuta pumzi ndefu na kufumbua macho, nusu tu. Yalipita juu ya viatu vya askari, juu ya simu, juu ya nyuso asizozijua, bila hofu, bila hata kuuliza. Yakamfikia Hemedi, yakatua.

"Kaka Hemedi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa maelfu ya mara kwenye usukani. "Foleni imesogea?"

Watu wote waligeuka. Simu ya Brighton nayo ikageuka.

Hemedi alizima injini.

"Bado," alisema. "Lala."