Rangi ya Almasi ya Mama

Mshonaji na dada yake msusi waliishi nyumba moja. Chumba cha mbele cherehani ililia kutwa. Barazani wateja walisukwa na kupiga soga. Vicheko havikukatika, mpaka siku pete ya marehemu mama ilipotoka kwa sonara.

Pete ile ilikuwa ya dhahabu ya njano, nayo ilikatika. Mshonaji alimwomba sonara aihamishie almasi yake kwenye pete mpya ya dhahabu nyeupe. Alitaka kumfurahisha dada yake.

Msusi aliitazama pete mpya, akakunja uso.

"Hili si jiwe la mama. La mama lilikuwa jeupe pe. Hili lina umanjano."

"Dada, ni lile lile!"

"Usinifanye mtoto. Umelibadilisha."

Mshonaji machozi yakamlengalenga. Jioni ile msusi alipakua sahani moja tu, yake. Inauma kuitwa mwizi na mtu aliyekubeba mgongoni.

Asubuhi mshonaji alisema, "Twende kwa sonara. Tukitoka huko bado unaniona mwizi, nitahama."

Sonara alikuwa mwanamke mcheshi, miwani yake inaning'inia kifuani.

"Dada, sogea kidogo," alimwambia msusi. "Blauzi yako ya njano itanipakia jiwe rangi."

Alilitoa jiwe kwenye pete, akalifuta, akalilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, chini ya taa nyeupe.

"Mbona umeligeuza?" msusi aliuliza.

"Kwa juu linametameta, macho yanadanganyika. Likigeuzwa, rangi yake inaonekana."

Akapanga kando yake mawe madogo kwa mstari.

"Rangi tunaipima kwa herufi, D mpaka Z. D halina rangi hata chembe. Ukishuka kuelekea Z, umanjano unazidi. Hatubahatishi. Tunalinganisha na mawe haya, ambayo rangi yake inajulikana."

Alilisogeza jiwe la mama pole pole kando ya mstari, akakoma kwenye jiwe moja.

"Linafanana na hili la M. Lina umanjano kidogo."

"Si nilisema!" msusi aliruka. "La mama lilikuwa jeupe!"

Sonara hakubishana. Alitoa kwenye droo ile pete iliyokatika, akalirudisha jiwe mahali pake pa zamani. Lilikaa barabara. Hata pengo dogo la ukingoni mwa jiwe lililingana na alama iliyobaki ndani ya pete. Katikati ya dhahabu ya njano, jiwe likawa jeupe pe.

"Dhahabu ya njano iliuficha umanjano wake," sonara alisema. "Nyeupe imeufichua. Jiwe ni lile lile."

Msusi aliishika pete ya mama yake, akamgeukia mshonaji.

"Mdogo wangu, nimekukosea. Nisamehe."

Mshonaji alilia waziwazi, mbele ya wateja wa sonara. Wakamwachia sonara pete ya zamani aiunge, jiwe libaki humo humo.

Jioni msusi alipakua tena sahani moja. Mshonaji aliiona, akasita mlangoni.

"Unangoja nini?" dada yake aliuliza, akiisogeza sahani katikati ya meza. "Nawa mikono, tule."