Kipimo Juu ya Chanja ya Kezia

Hebu nikuulize: unaweza kumpenda mtu, ukamwona anaungua, ukanyamaza kwa kuogopa kwamba akitoka motoni hutamwona tena? Datius wa Kibeta aliweza.

Alikutana na Kezia sokoni Bukoba, asubuhi samaki wanapoingia, watu wamebanana na bodaboda zinapiga honi. Datius alikuwa juu ya ngazi, shati limenyooshwa pasi, anafunga nguzoni kisanduku cheupe cha kupimia hewa. Wakubwa wake wa kazi walitaka kujua mji mzima unatoa hewa ukaa kiasi gani, na chembechembe za moshi kiasi gani. Chini yake Kezia alikuwa anageuza sangara juu ya chanja, kitenge cha njano kiunoni, macho mekundu kwa moshi wa kuni, lakini yanacheka.

"Fundi, unapima moshi au unanipima mimi?"

"Moshi, dada."

"Basi geuza shingo. Moshi uko upande ule."

Wanawake wa samaki walicheka hadi bisibisi ikamponyoka.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuja kufuta masizi kwenye kisanduku, hata pasipo na masizi. Alimletea kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Kezia akamwekea kichwa cha sangara kilichonona. Jioni walipigiana simu. Kezia, Msukuma wa visiwa vya Muleba, alimtania kwamba Mhaya hata akiomba chumvi anaomba kwa maringo.

Lakini vipimo vilikuwa vinaingia kwenye simu ya Datius. Kuliko stendi, kuliko barabara ya malori, pale chanjani ndipo hewa ilipokuwa mbaya kupita kote mjini. Kisha Kezia akaanza kukohoa. Datius akamletea asali na ndimu, akamwambia ni vumbi tu la kiangazi. Moyoni aliwaza: nikimwambia, atazima moto, akizima moto, Bukoba hana cha kumweka, atarudi kisiwani kwa kaka yake. Masika yakaja, yakapita, naye kimya.

Hatimaye wakubwa wakaitisha mkutano sokoni, wakatangaza vipimo vile. Mama mmoja akauliza walijua lini. Wakasema tangu mwaka jana. Kezia alimtazama Datius, akamtazama tena, kisha akaenda kuzifunga chanja zake. Simu za Datius hakuzipokea tena.

Siku moja simu ikapokelewa na Masele, yule kaka yake wa kisiwani. Akasema hospitali wamewaambia mapafu ya dada yake hayatarudi yalivyokuwa. Datius alipanda mtumbwi wa injini asubuhi ile ile.

Alimkuta mkekani, kitenge kile kinampwaya. Kezia aliinuka kumpa mgeni maji, akashika ukuta, akaketi tena. Datius akayachota mwenyewe, na hakuyanywa.

"Niliogopa kukukosa," akasema. "Ndiyo maana sikukwambia. Nisamehe, Kezia. Nataka nikuoe."

Kezia alingoja pumzi irudi.

"Moshi niliujua kabla yako, mpenzi. Ndio uliomchukua mama yangu." Akapumzika. "Sikutaka uniambie kwamba ni mbaya. Nilitaka useme, 'Kezia, zima moto, njoo tuishi kwangu.' Jumamosi yoyote, Datius. Jumamosi yoyote ningekubali."