Namba Ngeni za Bi Saadiya

Ndugu zangu wa Mchafukoge na mitaa ya jirani, nisikilizeni. Haya yametokea kwenye ghorofa ninayokaa mimi, ukuta kwa ukuta.

Bi Saadiya, mjane wa marehemu Suud, alikuwa mtu wa furaha. Asubuhi harufu ya vitumbua vyake ilitutoa kitandani, na simu haikumbanduka sikioni. Alizungumza na dada yake wa pekee, Bi Thuwaiba wa Tanga, wakitaniana kama wasichana. Lakini alikuwa na jambo moyoni. Alipouguliwa na mumewe, alilipia hospitali kwa kadi ya mkopo ya benki. Mume akafariki, deni likabaki na riba yake.

Benki ilipoanza kumpigia simu, ikabidi amwambie mwanawe mkubwa, Ghassan, mwenye duka la vitambaa Kariakoo.

"Mama, utaniumbua!" Ghassan alifoka. "Wenzangu sokoni wakisikia mama yangu anadaiwa, nani atanipa mzigo kwa mali kauli tena, niuze kwanza ndipo nilipe? Kuanzia leo namba ngeni usipokee. Watachoka wenyewe."

"Mwanangu, si twende tukaongee nao?"

"Tukaongee nini? We usipokee tu."

Binti yake, Anfal, alisikia yote akanyamaza, maana kaka ndiye msemaji wa nyumba. Jamani, ni wangapi kati yetu tumenyamaza hivyo hivyo?

Bi Saadiya akabadilika. Simu ikilia, anaifunika kwa mto. Mlango ukigongwa, anazima feni ajifanye hayupo. Hata mimi nilibisha hodi nikakosa jibu, na iliniuma.

Ijumaa moja namba ngeni ikapiga. Ikakatika, ikapiga tena, na tena. Mama wa watu aliitazama huku machozi yanamtoka, lakini hakupokea. Mwanawe alishamkataza.

Jioni Anfal alikuja analia, amepigiwa simu na jamaa wa Tanga. Bi Thuwaiba alikuwa ameanguka njiani huko Tanga, akapelekwa hospitali bila simu yake. Namba aliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya dada yake. Nesi akampigia kwa simu yake mwenyewe.

"Alikuwa anakutafuta wewe, mama," Anfal alisema. "Alitaka muombane radhi. Amefariki saa hiyo hiyo."

Kilio nilichokisikia ukutani siku ile, Mungu anisitiri nisikisikie tena.

Baada ya matanga Ghassan alimpeleka mama yake benki, kichwa chini. Ofisa akawaambia, "Shikamoo mama. Tulikuwa tunakutafuta tukupangie ulipe kidogo kidogo. Mbona hukupokea?" Ghassan, mwanamume mzima, alilia mbele ya watu.

Deni sasa linalipwa. Bi Saadiya naye anapokea kila namba, hata ya matapeli. "Nani mwenzangu?" anauliza haraka, kisha anatega sikio.

MAFUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzazi wako akidaiwa, usimfungie ndani na hofu yake kwa kulinda jina lako mtaani. Mshike mkono, mwende kwa anayemdai, mseme mlichonacho. Wewe uliyenyamaza kama Anfal, fungua mdomo mapema. Benki inaweza kukusubiri, ndugu yangu, ila anayekata roho hana muda huo.