Vigingi Vyekundu Shambani kwa Mama Ikupa

Asubuhi ile Tulinagwe alikuwa anakata majani makavu ya migomba. Mgomba usiposafishwa unazaa ndizi nyembamba kama vidole vya mtoto, naye hakuwa na mtu wa kumsafishia. Mumewe, Lusungu, alifariki miaka mitatu iliyopita. Alimwachia binti mmoja, Ikupa, na shamba la ndizi na maparachichi pale Kisondela. Shamba hilo walipewa na baba yake Lusungu walipooana.

Watu watatu wakaingia shambani bila kubisha hodi. Mmoja alibeba vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu.

"Mama, bomba la gesi litapita hapa," alisema aliyeshika karatasi. "Linatoka pwani, linakwenda Zambia. Tunaandika wenye mashamba."

"Si mlisema litapita Suma?"

"Limehamishwa."

"Nani kalihamisha?"

"Wakubwa. Shamba hili la nani?"

"Langu na marehemu mume wangu."

"Mlilipata wapi?"

"Tulipewa na baba mkwe."

"Anaitwa nani?"

Tulinagwe akayainamia majani yake. Katika malezi yake ya Kinyakyusa, mke hatamki jina la baba mkwe. Hali chakula naye wala hakai naye. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini mpaka mzee apite. Kwa miaka kumi na sita jina lile halikutoka kinywani mwake, hata alipokuwa peke yake.

"Mama, tuna mashamba mengi. Jina!"

Ndipo bodaboda ikasimama barabarani. Akashuka Baraka, mdogo wake Lusungu. Baraka hakuwahi kushika jembe katika shamba lile. Siku hiyo alijua njia.

"Andika Baraka Nsajigwa," alisema. "Hili ni shamba la ukoo. Huyu shemeji analitunza tu."

"Shemeji, vipi tena?"

"Tulia. Nakusaidia. Ulitaka waandike mwenye shamba hajulikani?"

Yule wa karatasi akamsogezea Tulinagwe kalamu. "Weka sahihi hapa, kama shahidi."

Tulinagwe alijua kusoma. Alifika darasa la sita. Lakini watu wanne walikuwa wamemsimamia, wana haraka, akaona aibu kuwachelewesha. Akaweka sahihi bila kusoma. Vigingi vitatu vikapigwa katikati ya migomba yake.

Jumatatu alikuja Mwantum kununua maparachichi. Mwantum alikuwa na duka Tukuyu mjini, na pia alikuwa msaidizi wa kisheria. Aliviona vigingi kabla hajatua kikapu.

"Ulisaini nini, mama Ikupa?"

"Sijui. Shemeji aliandikwa mwenye shamba, mimi shahidi."

"Wamekuachia nakala?"

"Hapana."

"Basi umesaini kufukuzwa kwako. Na kalamu ukawarudishia!"

Tulinagwe akaanza kulia. Mwantum hakumbembeleza. Alikaa juu ya kikapu, akamsubiri amalize.

"Sasa nisikilize. Usisaini fomu mpaka uisome yote. Kama wana haraka, waache waende, watarudi. Ukishasaini, unadai nakala yako. Na sheria ya ardhi inamtambua mwanamke sawasawa na mwanamume."

"Hata mjane?"

"Hata mjane. Majina yamebandikwa ofisi ya kijiji. Anayepinga anaandika barua kwa mtendaji kabla ya mkutano wa kijiji. Asiposikilizwa, anakwenda wilayani."

"Hiyo gesi yenyewe tutapikia?"

Mwantum akacheka, cheko lisilo na furaha. "Inapita tu, mwenzangu. Wewe endelea na kuni. Mkubwa wa huku anataka lipite kwao, wa kule anataka kwao. Serikali mbili bado zinabishana nani atoe nini. Kila wakibishana, vigingi vinahama, na mkulima anaambiwa asipande mti."

"Mkutanoni wataniuliza nani alinipa shamba."

"Lazima."

"Siwezi kulitamka. Naye atakuwepo."

Mwantum alifikiri. "Kutamka umekatazwa. Kuandika je?"

"Kuandika hakukuwepo wakati mila inawekwa."

"Haya. Lete karatasi."

Wakaandika barua ya kupinga, lakini jina la mzee Tulinagwe akasema ataliandika akiulizwa mkutanoni. Tulinagwe aliipeleka mwenyewe, akadai nakala igongwe muhuri.

Siku ya mkutano watu walijaa nje ya ofisi. Tulinagwe alikaa mwisho kabisa, upande wa wanawake, kanga imefunika uso. Mzee Nsajigwa alikuwa upande wa pili, kwenye kivuli cha ukuta. Mtendaji wa kijiji, dada mmoja aitwaye Jenifer, aliisoma barua.

"Mama Ikupa, unasema shamba ni lako. Nani alikupa?"

Tulinagwe aliivuta kanga zaidi usoni.

"Taja tu, mama!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mambo hayo ya kizamani!"

Baraka akasimama, anatabasamu. "Mtendaji, hawezi kumtaja kwa sababu hakuna aliyempa. Mtu aliyepewa shamba anashindwaje kumjua aliyempa?"

Wengine walicheka. Tulinagwe alihisi masikio yanawaka moto. Akamfikiria Ikupa, na migomba aliyoipanda yeye na Lusungu. Akasimama. Akaandika kwenye karatasi, akaipeleka mezani.

Jenifer akasoma kwa sauti. "Nsajigwa."

Mzee akainuka taratibu. Aliugeukia ukuta, akawapa watu mgongo, ili asitazamane na mke wa mwanawe.

"Ni mimi," alisema. "Shamba nilimpa Lusungu na mke wake, siku ya harusi. Wazee watatu walikuwepo. Wawili wapo hapa." Hakugeuka. "Baraka, ulijua kwa nini hasemi jina langu. Ulijua siku ile, na unajua sasa. Heshima aliyonipa mimi, wewe umeitumia kumnyang'anya."

Hakuna aliyecheka tena. Wazee wawili wakathibitisha. Jina la Baraka likakatwa mbele ya watu. Lakini Mwantum hakuridhika. Alimfuatilia Tulinagwe mpaka alipoomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Ilichukua miezi saba na safari nyingi za kuambiwa rudi kesho. Hati ikatoka.

Na bomba? Mvua mbili zimepita. Limehamishwa tena, sasa linasemwa litapita Matwebe. Hakuna aliyekuja kueleza. Mashimo ya vigingi yamebaki kwa Tulinagwe, pamoja na misimu miwili ambayo hakupanda mparachichi hata mmoja kwa kuogopa katazo. Misimu hiyo hakuna atakayemrudishia. Baraka hamsalimii. Mzee Nsajigwa alifariki wakati wa baridi, na mpaka anazikwa Tulinagwe hakuwahi kumwambia ndaga, asante, kwa sababu mila haikumpa nafasi.

Mwezi uliopita walikuja watu wengine na karatasi nyingine. Safari hii walibisha hodi. Ikupa aliwaletea viti.

"Shamba hili la nani, mama?"

Tulinagwe alifuta mikono kwenye kanga. Aliichukua fomu, akaisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili. Wageni wakaanza kutazama saa. Aliendelea kusoma. Alipofika mwisho ndipo akawajibu.

"La Tulinagwe. Hati iko ndani. Kaeni, naileta."