Pini za Makochi Kwenye Waya wa Sola

Gari lilikuwa basi dogo kuukuu. Fundi Makochi, mshona makochi wa mtaani, alilinunua, akaligeuza nyumba: kitanda, meza ya kukunja, mapazia. Familia ingesafiri nalo likizo nzima. Mama yake fundi, ambaye wote walimwita Bibi, alishahamia kitandani kabla ya safari.

"Sitoki humu mpaka magurudumu yazunguke," alisema.

Jumamosi ile uwanja ulijaa majirani. Kila mtu alitaka kuiona sola aliyoifunga juu ya basi. Mke wa fundi alizunguka na chai, kichwa juu kwa fahari.

"Shemeji, paneli umeishikiza kwa kitu gani?" aliuliza Mama Fyuzi, jirani yao, fundi umeme wa magari.

"Gundi yangu ya makochi! Hiyo haibanduki."

"Na waya wa betri?"

"Hutauona ng'o! Umepita chini ya godoro. Nimeugonga pini za makochi kwa mashine, ta-ta-ta, nikafunika kitambaa."

"Umegonga pini kwenye waya?"

Mke alinusa. "Nani anaunguza nguo?"

Moshi ulikuwa unatoka dirishani mwa basi. Kikombe kilimponyoka. Bibi alikuwa ndani, amelala.

"Mtoeni Bibi!" Mama Fyuzi alipiga kelele. "Tupieni paneli blanketi, isipate jua!"

Mke hakukumbuka alivyoingia. Alijikuta nje, Bibi yuko mikononi mwake, anakohoa. Majirani walifunika paneli. Mama Fyuzi alishika spana yenye mpini wa mpira, akang'oa waya wa betri. Moshi ukaisha.

Waligeuza godoro. Lilikuwa na tundu kubwa kama sahani, jeusi, pale pale mgongo wa Bibi ulipokuwa.

"Pini imetoboa waya," alisema Mama Fyuzi. "Umepiga shoti, na hakuna fyuzi ya kukata umeme."

Kisha alipanda juu ya basi, akaisukuma paneli kwa kidole kimoja. Ikateleza kama sabuni kwenye sinia.

"Jua limelainisha gundi. Barabarani hii ingeruka, ikamkata mtu wa pikipiki nyuma yenu."

Fundi alikaa chini. "Shemeji, nifundishe."

Walifanya kazi siku mbili. Paneli ilifungwa kwa vyuma na bolti, ikaachiwa nafasi chini ili hewa ipite. Matundu ya bolti yalizibwa kwa silikoni, mvua isiingie. Pale waya ulipopita kwenye bati, walivisha tundu mpira ili makali yasiukate. Waliushikiza kwa vibanio vya plastiki, si pini. Fyuzi ilikaa karibu kabisa na betri.

"Unganisha betri kwanza kwenye kiboksi cha kudhibiti chaji," alisema Mama Fyuzi. "Paneli mwisho. Ukifungua, anza na paneli."

Mke aliandika yote nyuma ya kalenda.

Siku ya tatu ya safari, jua likiwa kali, feni ya Bibi ilizima ghafla. Wote waliruka. Wakanusa. Hakuna moshi. Mke aliinama, akaona mguu wa meza umeubana waya wa feni mpaka ganda lake limepasuka.

"Fyuzi imekatika," alisema.

"Basi imefanya kazi yake," alisema Bibi, akijipepea kwa kalenda. "Nitoke jasho tu, sitaki tena kuchomwa mgongo. Tengenezeni taratibu. Na wewe mwanangu, ile mashine ya pini iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, mama."

Bibi akalala.