Kitu Kwenye Maranda

Baba yake Kalunde ni fundi seremala. Anatengeneza vitanda na vigoda hapo hapo nyumbani, kwenye banda la uani.

Randa yake inapita juu ya ubao. Shwaa! Shwaa! Maranda yanadondoka chini. Ni mepesi, yamejikunja, tena yananukia vizuri.

Kazi ikiisha, Kalunde husafisha banda. Ana sumaku yake, iliyotoka kwenye redio mbovu. Ameifunga kamba.

Anaiburuta sakafuni. Misumari iliyoanguka inairukia na kunasa. Ti! Ti! Ti! Kisha Kalunde anashika ufagio.

"Msumari kwanza, ufagio baadaye!" Ndivyo Baba anavyosema kila siku.

Leo Baba amemaliza kitanda cha jirani. Anakipakia kwenye mkokoteni.

"Nisafishie banda, mwanangu," anasema. "Masele ameanza kutambaa."

Masele ni mdogo wake Kalunde. Huyo ukimweka hapa, utamkuta kule!

Baba anaondoka. Kalunde anachukua sumaku. Mara, chini ya meza, maranda yanalia.

Kwaru... kwaru...

Kalunde anarudi nyuma hatua moja.

"Nani?" anauliza kwa sauti ndogo.

Kwaru... kwaru...

Kalunde anatupa sumaku. Mbio! Anakwenda hadi nyuma ya nyumba, Mama anakofua nguo.

"Umeshamaliza?" Mama anauliza.

"Ba... bado, Mama. Kuna kitu kwenye maranda! Kinakwaruza!"

Mama anageuka kutazama mkeka wa Masele. Mkeka ni mtupu.

"Masele yuko wapi?"

Kalunde anakumbuka mlango wa banda. Hakuufunga. Jamani, anayekimbia kwa woga hafungi mlango!

Anarudi mbio. Masele yumo bandani. Anatambaa kuelekea kwenye maranda, huku anacheka.

Mbele yake kuna msumari. Ncha yake inatazama juu.

Goti moja, mbele. Goti la pili, mbele.

Kwaru... kwaru...

Kalunde anaogopa. Anaogopa sana! Miguu yake inataka kukimbia tena.

"Masele, simama!" anaita.

Masele anajua kusimama? Hata kidogo. Anazidi kutambaa.

Basi Kalunde anaingia. Kandambili zake zinalia, pa, pa, pa. Anainama na kumnyanyua Masele. Hopu! Anamkumbatia kwa nguvu.

Moyo wake unadunda. Du, du, du.

Maranda yanainuka. Inatoka pua ndogo. Kisha inatoka miba, mingi, mifupi.

"Kalunguyeye!" anasema Mama mlangoni. Naye anahema. "Kumbe ni wewe unayetutisha hivi?"

Kalunguyeye anasikia sauti za watu. Anajikunja, anakuwa mpira wa miba. Maskini, naye anaogopa!

Mama anamzoa polepole kwa beleshi. Anampeleka nje, kwenye kivuli cha michongoma.

"Mama, niliacha misumari chini," Kalunde analia. "Niliogopa."

"Ukiogopa, niite, mwanangu. Hata mimi naogopa. Lakini mlango uufunge."

Mama anamfunga Masele mgongoni kwa kanga. Wanasafisha pamoja.

Msumari kwanza. Ti! Ti! Ti!

Ufagio baadaye. Fya! Fya! Fya!

Maranda yote yanaingia kwenye gunia. Sasa sakafu inaonekana, hadi chini ya meza. Hakuna kinachokwaruza.

Jua limezama. Watoto wameoga, wamekula, wamelala kitanda kimoja. Masele anakoroma kidogo.

Kalunde hana usingizi. Anapapasa goti moja la Masele. Ni laini.

Anapapasa la pili. Ni laini pia, halina hata mkwaruzo.

Ndipo Kalunde anafumba macho.