Saa Zetu na Saa Zenu

Mwanaume anayevaa kaptula katika baridi ya Julai jijini Melbourne, ama ana kichaa, ama ametoka Brisbane, kaskazini kwenye joto. Despina Kallis alimtazama huyo aliyesimama mbele yake kwenye foleni ya donati za jemu, pale Soko la Queen Victoria, akaamua kuwa yote mawili ni kweli. Soko zima lilikuwa limejifunika makoti meusi mpaka kidevuni. Yeye mwenyewe alikuwa na koti la sufu lililomkaa vizuri kiunoni na skafu ya rangi ya zabibu. Jamaa alikuwa na shati la mikono mifupi, miguu iliyochomwa na jua, na vinyweleo vimemsimama wima.

"Kaka, hiyo miguu haitakatika kweli?" Despina alishindwa kujizuia.

Jamaa aligeuka akicheka. "Haina neno. Nimekuja juzi, na sanduku zima ni kaptula."

"Kwenu hakuna baridi?"

"Baridi tunaisikia kwenye taarifa ya habari tu."

Zamu yake ilipofika alinunua mfuko mzima, akamkabidhi Despina donati moja ya moto. Jemu ikachuruzika kwenye koti la sufu. Jamaa akaifuta kwa leso yake, akaomba radhi mara nne, akaisambaza vizuri zaidi. Mfuko ulipokwisha, Despina alikuwa ameshajua kwamba anaitwa Brodie Tennant, ni fundi wa plasta, na ana kicheko kinachomfanya mtu asahau tramu yake imepita.

Ilipofika Septemba walikuwa chanda na pete. Despina alikuwa mpokea wageni katika kliniki ya meno, kazi yake ni kuwapangia wagonjwa saa, na hata nyumbani aliishi kwa saa. Brodie aliishi kwa neno moja, "tutaona". Brodie alimwita Bi Ratiba, naye Despina akamwita Bwana Tutaona, na kila mmoja alilipenda jina lake.

Kisha kazi ikamrudisha Brodie kwao Brisbane. Jioni ya kwanza tu akapiga simu.

"Njoo Januari, mpenzi. Siku kumi. Mama anataka kumwona huyo mwanamke aliyenivalisha suruali ndefu."

"Siku kumi tutafanya nini?"

"Tutaona."

"Hatutaona! Tutapanga."

Kesho yake Despina alinunua daftari lenye jalada la manjano. Akaandika: siku ya kwanza, feri ya mtoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku ya pili, kuogelea kwenye ufuo ule uliotengenezwa kwa mikono katikati ya jiji. Siku ya tatu, chakula cha mchana kwa mama mkwe mtarajiwa, kamba na maembe. Kila jioni walipigiana simu wakijaza kurasa.

"Hapa umeandika dakika ishirini za kupumzika," Brodie alimtania. "Nikipumzika ishirini na tano?"

"Utanipata mlangoni nimeshavaa viatu."

Ukurasa mmoja tu ndio uliokuwa mtupu, ule wa tiketi. Mwaka juzi mchumba wake wa wakati ule alimwacha uwanja wa ndege na masanduku mawili, akimpigia simu isiyopokelewa mpaka ndege ikaondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Despina alishtuka kila alipotaka kubonyeza kitufe cha kulipia.

"Sikia, Brodie," alisema Jumamosi moja, sauti imebadilika. "Kesho saa kumi na mbili kamili jioni nitakupigia. Tukate hiyo tiketi pamoja, nikikusikia sikioni. Usipopokea, nitajua."

"Utajua nini?"

"Nitajua tu. Mimi sisubiri mtu tena."

Brodie hakutania safari hii. "Saa kumi na mbili. Nitaikalia simu kama kuku anavyokalia mayai."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Despina alimkuta mama yake, Bi Voula, amenuna kwa sababu alifika kanisani ibada ikiwa katikati. Saa zilikuwa zimesogezwa mbele kwa saa moja usiku, kama Melbourne wafanyavyo kila majira ya joto yakikaribia, na yeye akasahau. Despina alimcheka mpaka akashika ubavu. "Mama, kila mwaka!" Lakini nyani haoni kundule.

Jioni alijifungia chumbani, akajipaka rangi ya mdomo kana kwamba simu ina macho. Simu yake ilipoonyesha saa kumi na mbili kamili, akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ya tatu aliipiga amesimama, masanduku mawili ya mwaka juzi yamemrudia machoni. Akaandika: "Nimekuelewa. Usinitafute tena." Akaizima simu, akaitumbukiza kwenye droo ya mikate.

Baada ya muda aliingia jikoni kumsaidia mama yake kutoa sinia la mbilingani kwenye jiko la umeme. Namba za kijani za saa ya jiko zilikuwa zinasema ndiyo kwanza saa kumi na mbili.

"Usiiangalie hiyo," alisema Bi Voula. "Haijasogezwa. Ndiyo iliyonikosesha ibada."

Despina alibaki na kitambaa cha kushikia sinia mkononi. "Mama, Brisbane wanasogeza saa?"

"Wale? Hawasogezi. Wanasema jua likizidi mapazia yatapauka."

Alikimbilia droo. Simu ilipowaka, ujumbe ukaingia saa ile ile: "Nilikuwa naogelea, nikatoka mapema nikuwahi. Nakuta simu tatu za saa kumi na moja, na talaka kabla ya ndoa. Kama ulikuwa unatafuta sababu, Despina, ungesema tu." Akampigia. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Yeye anayepangia watu saa mchana kutwa! Lakini hakulia. Alivuta kompyuta, akakata tiketi peke yake, na wala si ya Januari. Akaandika: "Kosa ni langu. Saa zetu zilisogea, zenu zikabaki. Natua Jumamosi hii saa nne asubuhi. Saa nne yenu."

"Na akikuacha uwanjani?" mama yake aliuliza.

"Nitapanda feri peke yangu, mama. Ratiba ninayo."

Jumatatu kimya. Jumatano kimya. Despina hakuandika tena, maana radhi ukishaiomba mara moja, ya pili ni kubembeleza. Jumamosi alivaa gauni la njano lenye mabega wazi, akapanda ndege kichwa amekiinua.

Akamkuta Brodie kwenye kiti cha mbele kabisa pale wanapotokea abiria, amevaa suruali ndefu katika joto lile, jasho linamtiririka.

"Umefika saa ngapi?" Despina aliuliza.

"Saa mbili. Sikutaka kubahatisha."

"Mbona hukunijibu?"

"Kila nilichoandika kilitoka kimenuna. Nikaona nije mwenyewe, uso wangu haujui kununa." Akanyoosha mikono. Kila mkono una saa, wa kushoto ya kwake, wa kulia ya plastiki ya waridi ya mtoto wa dada yake. "Hii ya kwetu, hii ya kwenu. Tukipishana tena, jua ni makusudi."

Despina alicheka na machozi kwa pamoja, akamkumbatia mpaka saa ya waridi ikanasa kwenye nywele zake.

Jioni, baada ya feri, walikaa kando ya mto chini ya maua ya bogonvilia. Brodie alikuwa akipekua daftari la manjano. Akasimama kwenye ukurasa wa siku ile.

"Saa kumi na mbili jioni, kando ya mto: kumuuliza Brodie swali. Swali gani?"

"Bado saa nzima."

Brodie aliinua mkono wa kushoto, kweli saa kumi na moja. Akainua wa kulia, akausogeza mpaka karibu na pua ya Despina.

"Kwa saa ya Melbourne, Bi Ratiba, muda umeshafika."

Despina alimtazama yule mtu aliyewahi saa mbili nzima ili yeye asisubiri hata dakika moja. Hofu aliyoizoea aliitafuta, hakuiona.

"Brodie Tennant, utanioa?"

Brodie alimpokonya kalamu, akaandika "Ndiyo" kwenye mstari wa saa kumi na moja, kisha akaandika tena "Ndiyo" kwenye mstari wa saa kumi na mbili, asije akaambiwa hakupokea.